Siku Boila ya Mzee Ilipozima

Nilikuwa na miaka hamsini na nane nilipoanza kumwogesha mzee mmoja huko Thornhill, kitongoji cha pembeni mwa Toronto. Kabla ya hapo, nyumbani Tanzania, nilikuwa fundi wa boila kwenye kiwanda cha sukari kwa miaka ishirini na mbili. Toronto walivitazama vyeti vyangu, wakavisifu, kisha wakaniambia leseni ya hapa nianze upya, darasa la kwanza kabisa, nikae na vijana wa rika la kitinda mimba wangu. Sikuwa na moyo huo. Nikasoma kozi fupi ya kutunza wazee, kampuni moja ikanichukua, na kila asubuhi nikawa natoka Scarborough, nilikopanga chumba, kwa mabasi matatu kwenda kumvalisha mtu soksi.

Mzee mwenyewe alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tanga, familia yake ilikuwa na duka huko. Aliondoka angali kijana. Kampuni ilinipeleka kwake kwa ajili ya Kiswahili, nami nilifurahi, nikidhani tutakuwa tunapiga soga. Kumbe Kiswahili kilichombakia kilikuwa cha kuamuru tu. Lete. Ondoa. Funga mlango. Upesi. Mimi nilimwita mzee, yeye aliniita wewe. Sikumchukia. Nilielewa kwamba utotoni aliosema nao Kiswahili walikuwa mpishi na dobi, basi. Lakini kuelewa hakupunguzi uchungu.

Asubuhi moja ya Januari nilimkuta jikoni amevaa makoti mawili, midomo imebadilika rangi.

"Baridi," alisema. "Wewe, tengeneza."

Nilimfunika blanketi, nikampa chai, nikampigia simu binti yake aliyekuwa kazini mjini. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba mafundi wote wameshikwa na kazi, atakuja mmoja kesho. "Usiguse chochote," aliongeza. "Una kibali cha kumtunza baba tu."

Kesho! Nje kulikuwa na baridi ya kuua, na mtu wa miaka themanini na sita anatetemeka mbele yangu. Nilishuka chumba cha chini.

Boila ya kupashia nyumba joto ilikuwa imetundikwa ukutani, ndogo kama kabati la vyombo. Sikugusa gesi, wala sikuifungua. Niliisikiliza tu. Ilijaribu kuwaka, ikagugumia kama mtu anayesukutua maji kooni, ikazima. Nikajua. Boila za aina hii hunyonya joto la moshi hadi mvuke uliomo unageuka maji, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Yakikosa, yanarudi ndani, na mashine inajizima yenyewe kwa usalama. Nilifuata kimrija cheupe cha plastiki kwa macho: kilishuka, kikatoboa ukuta, kikatoka nje. Aliyekifunga hakufikiria majira ya baridi.

Nikazima swichi ya umeme ya boila, nikavaa glavu za mpira, kwa sababu maji yale yana tindikali kidogo na si ya kuchezea, nikatoka nje na ndoo. Mdomo wa kimrija ulikuwa umezibwa na barafu. Sikutumia maji ya kuchemka, kwani plastiki iliyoganda hupasuka. Nililoweka matambara kwenye maji ya vuguvugu, nikakizungushia, nikabadilisha, nikazungushia tena. Vidole viliacha kuwa vyangu. Baada ya kama nusu saa kipande cha barafu kilichomoka, maji yakafuata, nikayakinga kwenye ndoo yasije yakaganda njiani na kumwangusha mtu. Nikayamwaga kwenye tundu la maji machafu la chumba cha chini, na kusukumia maji safi mengi.

Niliporudisha swichi, boila iliwaka kwa mlio ule ninaoufahamu tangu ujana. Naona aibu kusema, lakini nilisimama pale nikatabasamu peke yangu.

Juu, vyuma vya ukutani vya kupasha joto vilipoanza kupata uvuguvugu, mzee alipiga simu kwa rafiki yake, naye mtu wa Tanga. Waliongea Kigujarati, mara wakaruka kwenye Kiswahili, kwa raha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilikuwa nasuuza kikombe chake.

"Boi wangu ametengeneza!" alisema, akicheka kwa fahari. "Boi mzuri sana huyu."

Nilifunga bomba. Nilimtazama. Alinipungia mkono kama anayenipa zawadi.

Siku ya pili fundi alikuja, kijana mpole. Alihamisha kimrija, akakipitisha ndani kwa ndani hadi kwenye tundu la sakafuni, na katikati akaweka kichupa cha vipande vya mawe ya chokaa ili kuua tindikali. Ndivyo ningefanya mimi. Alimuuliza binti ni nani aliyezibua, kwa kuwa kazi ilikuwa safi. Binti alinitazama, akasema, "Mhudumu wa baba." Halafu akaandikia kampuni yangu barua pepe. Niliitwa ofisini nikatia saini karatasi inayosema nimegusa kifaa kisichohusu kazi yangu, na nikirudia nitaachishwa.

Nikaomba nihamishwe. Hawakuuliza sababu.

Siku ya mwisho nilimvalisha mzee sweta, nikamwambia kesho atakuja mama mmoja Mfilipino, mkarimu. Aliweka mikono magotini.

"Anajua Kiswahili?"

"Hajui, mzee."

"Sasa mimi nitasema na nani?"

Yalikuwa maswali ya kwanza kuniuliza kwa miezi saba. Nilikuwa na jibu la hilo la pili, tena kali, lilikuwa limeshafika ulimini. Nililimeza. Nikamfunga kifungo cha juu, nikachukua koti langu, nikaenda kusubiri basi.