Musiitike Mpaka Musikie Sauti Yangu

Majina ya watu wa kijiji chetu, kule njia ya kwenda Bendera, nayakumbuka yote, nyumba kwa nyumba. Hapa sitaandika hata moja.

Mujukuu wangu anasoma chuo hapa Kalemie. Mwaka jana, egzame za mudomo zilipoisha, wasichana wawili wa darasa lake walikuja kwangu, yeye akiwa ameenda ziwani kufua.

"Nkambo, wameandika kwamba hakuwepo," mumoja akasema, akiniita bibi kama mujukuu wangu anavyoniita.

"Hakuenda?"

"Alikuwa katikati yetu. Mwalimu aliita jina lake mara tatu, yeye anaangalia chini tu. Nilimusukuma na kiwiko."

"Mimi nilisema labda amepata bwana tajiri, masomo hayataki tena," mwenzake akasema, lakini hakucheka.

Ilibaki sesioni ya pili, ya kurudilia egzame. Akinyamaza tena, chuo kimeisha kwake.

Nikawaambia waketi. Jambo hili sikuwa nimeambia muntu.

Siku vita ilipofika kijijini, mujukuu wangu alikuwa na miaka sita. Nilimuficha ndani ya ghala ya mahindi, kaka yake nyuma ya jiko. Nikawaambia: "Mukiitwa, musiitike mpaka musikie sauti yangu." Watu wenye bunduki walikuja na jirani yetu aliyejua watoto wote. Njo yeye aliyeita majina, polepole, kama anawaita kula. Kaka aliitika. Huyu alinyamaza mpaka nilipokuja kumuita mimi. Tulipokimbilia kambi ya Katanika, wakiita majina ya kugawa unga, mimi nilikuwa naitika kwa ajili yake. Nilifikiri ni haya za mutoto tu.

Mimi njo nilimufunga hivyo, na sikumufungua.

Aliporudi na beseni la nguo nikamuambia, "Sasa unaweza kuitika, mama."

"Najua, Nkambo. Jina linaitwa, mwili unakataa."

Wale wasichana wakaenda kumuomba mwalimu. Siku ya sesioni ya pili akaniruhusu nisimame mulangoni. "Leo hata Nkambo ni mwanafunzi," akasema, darasa likacheka. Akasoma jina. Mujukuu wangu akaangalia chini. Rafiki zake walikuwa wameketi huku na huku, kila mumoja ameweka mukono mugongoni mwake. Nikaita mimi, namna nilivyoita siku ile mbele ya ghala. Nikaita tena.

"Niko hapa," akasema, akainuka.

Alipita egzame ile. Lakini kuna egzame zingine, halafu kazi, na magoti yangu hayatafika kila mulango. Kwa hiyo kila Jumamosi rafiki zake wanakuja. Yeye anaingia jikoni, tunafunga mulango, wao wanasimama uani na kumuita, mumoja kisha mwingine, kwa sauti zao wenyewe.

Jumamosi iliyopita walimuita mpaka wakachoka. Midomo yake ilitikisika, sauti haikutoka. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake gizani, nimejiziba kinywa na mukono nisiitike.