Albamu ya Mabingwa

Kaka yangu mkubwa hupiga gitaa la besi, na jukwaani wanamwita Mzito. Mikono yake ni mizito kweli. Akinisaidia kuosha vyombo, lazima kimoja kivunjike. Lakini akishika zile nyuzi nne, unamsikia hadi magotini. Miaka nenda miaka rudi alipiga na mdogo wetu wa mwisho, mpiga dramu, katika bendi yao ya roki nzito iliyoanzia kwenye banda la kuku la Mama. Walikuwa chanda na pete. Mmoja akikosea, mwenzake alikosea naye, na watu wakadhani wimbo ndivyo ulivyo.

Kisha wakaja mabingwa. Mwimbaji, wapiga gitaa wawili na mpiga dramu, kila mmoja nyota kwenye bendi yake, wakaamua kuunda bendi moja ya wakubwa watupu na kutoa albamu. Walikosa besi tu. Wakamfuata Mzito, naye akakubali kabla chai haijapoa. Mdogo wetu hakugomba. Aliacha tu kupokea simu za Mzito, na kwa Mama akawa anakuja siku ambazo kaka yake hayupo.

Iliniuma, na nilimwambia Mzito hivyo hivyo.

"Dada, subiri albamu itoke," akanijibu. "Dogo akisikia nilichopiga, atajua sikumwacha kwa upuuzi."

Walirekodia ghorofani, juu ya duka la matairi, chumba kinachopakana na changu cha cherehani. Ukuta wenyewe mbao nyembamba, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa mambo. Mabingwa wale hawakuweza kukaa chumba kimoja bila kununiana. Kila mtu alikuja kurekodi siku yake. Fundi mitambo alipoanza kuchanganya sauti zao, wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakinyata kama wezi wa mboga.

"Fundi, nipandishe sauti kidogo. Kidogo tu, wenzangu wasijue."

Fundi hakujua kusema hapana. Akampandisha mwimbaji. Akawapandisha wapiga gitaa, huyu asubuhi, yule mchana. Mpiga dramu alikuja na soda ya kumhonga.

Nikamwambia Mzito, "Na wewe kaombe."

"Siombi kusikika mimi. Fundi ana masikio."

Damu ilinichemka. Watu wanauita unyenyekevu. Mimi nasema ni kiburi kilichooga vizuri.

Albamu ikatoka, na Mama akawaita wanawe wa kiume wote wawili waje kuisikiliza kwake. Mdogo wetu asingeweza kumkatalia Mama. Mzito alivaa shati nililompigia pasi, akaweka santuri kwenye redio ya Mama, akakaa mbele ya mdogo wake apate kumwona uso.

Magitaa yakaingia yakipigana vikumbo. Mwimbaji akapiga mayowe juu ya hayo, dramu zikagonga kama watu wanaoezeka bati. Nikatega sikio chini ya zile kelele, nikamtafuta kaka yangu. Hayumo. Wimbo wa pili, hayumo. Nikaelewa papo hapo: kila aliyepandishwa alimkanyaga asiyeomba. Nilitamani kwenda kumshika fundi shingo.

Mdogo wetu alikuwa ameinama, macho kayafumba, anatafuta. Alitafuta kwa haki, sitamsingizia. Wimbo wa tatu ulipoisha akainua kichwa.

"Kaka, na wewe umepiga humu?"

Hakuwa anakejeli. Bora angekejeli.

"Nyimbo zote," Mzito akasema.

Wimbo wa nne ulikuwa umeshaanza. Mzito akasema lile ambalo sikutegemea kulisikia kutoka kinywani mwake.

"Dogo, je, nikirudi?"

Nilimwona mdogo wetu akichagua maneno.

"Tumeshapata mtu, kaka. Hakufikii hata robo." Akaangalia spika. "Lakini anasikika."

Mzito akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akainuka, akaenda kwenye redio, akaongeza sauti mpaka mwisho. Magitaa yakazidi, yeye bado hayumo. Mama akaziba masikio.