Salamu kwa Hifadhidata

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Phylis Muthoki huandika neno "kunde" kwenye hifadhidata ya maktaba ya chuo chetu hapa Kitengela. Makala zikitokea, intaneti iko hai, naye hutundika koti. Zisipotokea, hubaki amelivaa na kumpigia simu Ngugi, fundi wa mitambo. Amefanya hivyo miaka kumi na miwili. Huenda hakuna Mkamba aliyeona vichwa vingi zaidi vya makala za kunde bila kusoma hata moja hadi mwisho.

Ijumaa moja mchana aliingia Nalangu, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Isinya anayesomea shahada ya uzamili. Alikuwa anatafiti ndigana, homa ya kupe inayoua ndama. Msimamizi wake alitaka orodha ya makala kumi kufikia saa kumi jioni. La sivyo, Nalangu angengoja mwaka mwingine kuendelea na utafiti.

Kwenye kisanduku cha kutafutia paliandikwa "Uliza hapa". Nalangu, ambaye kwao humwombi mtu hata chumvi kabla ya kumjulia hali, akauliza. Aliandika kwamba anatumaini wanaomsoma hawajambo na mvua imewafikia, akajitambulisha, akataja boma la baba yake na ndama waliokufa, ndipo akaomba makala. Jibu: matokeo sifuri. Akadhani amekosa adabu. Akaanza upya, sasa akisalimu na familia zao.

Aliendelea hivyo dakika ishirini. Muthoki alimtazama tu kutoka nyuma ya kaunta. Mimi, kwenye meza ya pili, niliuhusudu utulivu ule. Nilidhani ni mbinu ya kufundisha, mtu aachwe akosee kwanza.

Saa tisa na dakika kumi ndipo Muthoki akamjia.

"Mwalimu, huyu hana mama wala ng'ombe," alisema. "Usimsalimu. Mpe maneno tu."

"Hata jina langu asijue?"

"Hata langu hajui, na niko na yeye miaka kumi na mbili."

Waliandika "homa" na "ng'ombe" kwa Kiingereza, zikaja makala elfu arobaini na moja. Nalangu akashika kichwa. Muthoki akalifunga jina kamili la ugonjwa kwa alama za kunukuu, maneno yake yasitawanyike, akaongeza Kajiado, kaunti yetu. Zikabaki tatu. Akamuuliza Nalangu kwao ugonjwa huo wanauitaje. Oltikana, alisema, ila hilo si jina la kitaalamu. Muthoki aliliweka hivyo hivyo, pamoja na la Kiingereza na la Kilatini, akiiambia mashine kwamba lolote kati ya hayo linatosha.

Ishirini na saba. Watafiti waliowahi kuwahoji wafugaji walikuwa wameliandika oltikana, herufi kwa herufi.

Orodha ilitumwa saa kumi kasorobo, na msimamizi akajibu kwamba ameipokea na imetosha. Nalangu alimkumbatia Muthoki, akaenda zake akicheka.

Nilijikaza nikamuuliza Muthoki kwa nini alimwacha ahangaike dakika zote zile huku saa zinayoyoma.

"Nilikuwa nakula," alisema.