Jina Lililoitwa na Pande Mbili

Nilipokuwa mtoto, jina langu halikuitwa ovyo. Kaka zangu Petro na Paulo ni mapacha, na kwetu Fizi mtoto anayewafuata mapacha ni Kashindi, apende asipende. Watu wanadhani wazito ni mapacha wenyewe. Koko, mama yake mama yangu, aliyeishi na sisi, alikataa katakata: mapacha wanafungua mlango, Kashindi ndiye anayeufunga, na anayefunga mlango ndiye wa kuogopwa. Kashindi akinuna, sufuria haichemki. Kashindi akilala njaa, nyumba nzima inaumwa tumbo.

Anayesoma haya akitaka kucheka acheke, simkatazi. Lakini mwambie mtoto wa darasa la tano kwamba hasira zake zinazima jiko, uone atakuwa mtu wa namna gani. Wanaosema hasira zangu ziko karibu, na ni wengi, wamuulize Koko huko aliko.

Tuliishi mjini Durban, ghorofani, na dirisha la jikoni lilitazama kreni za bandarini. Baba alifanya kazi Pinetown, kwenye kiwanda cha paleti, vile vichanja vya mbao vya kupangia mizigo. Na mchezo wetu haukuwa soka. Padri mmoja mzee, Mwairishi aliyewahi kukaa Kenya na kurudi na Kiswahili cha Nairobi, alitufundisha mpira wa kwao: kila mchezaji ana gongo bapa mfano wa mwiko mkubwa, na mpira ni mdogo, wa ngozi, mgumu kama limau bichi. Unaupiga hewani, unaudaka, unaupiga tena. Goli lina umbo la H. Ukipitisha juu ya mtambaa wa panya umepata pointi moja. Ukiingiza chini, wavuni, umepata tatu. Wavulana na wasichana tulicheza pamoja, na vidole viliumia pamoja. Magongo yaliyotoka Ireland yalipovunjika, baba alituchongea mengine kwa mbao za paleti, akayafunga ukanda wa bati kwenye ncha yasipasuke.

Siku ya mechi ya kwanza nilikuwa nimenuna, sikumbuki kwa nini. Koko akaona hatari. Akakusanya magongo yote ya timu mlangoni, akaniambia niyaguse moja moja, ili ninachokizuia nikiachie. Nikagusa. Tukashinda. Basi, ikawa sheria. Mechi ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo, mpaka akina mama wa jengo zima wakawa wanapanda ngazi na magongo ya watoto wao, wanagonga mlango, wanamwita mama kwa mapacha wake: "Mama Mapasa, tunaomba Kashindi atushikie kidogo." Hata wale Wazulu wa ghorofa ya chini waliniletea, wanacheka, lakini wameleta.

Mwanzoni niliona raha. Nilipewa paja la kuku mbele ya mapacha. Wiki ya fainali ndipo akili ilinijia: kama kushinda kunatoka kwangu, kushindwa kutatoka wapi? Hakuna mkubwa aliyesema neno. Paulo ndiye alisema, kwenye ngazi, kwa sauti ya chini ili Koko asisikie.

"Eish, Kashi. Kesho tukifungwa, tafuta pa kulala."

Nilimpiga teke. Lakini chakula cha jioni hakikupita kooni.

Jioni hiyo Koko alinisuka, miguu yake imenibana mabega nisikimbie. Alipofika kisogoni akasimamisha mikono.

"Sikia. Kesho iko watu wengi. Mutu mwenye hakujue akikuita jina, usiitike."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mwenye kuitika amekwisha kujitoa."

"Na kama ni mwalimu?"

"Mwalimu anakujua. Mimi nasema mutu hakujue." Akavuta nywele mpaka macho yakanitoka machozi. "Rudia."

Nikarudia. Nilidhani ni mwiko kama ile mingine, usiruke gongo lililolala chini, usipige mluzi ndani. Koko alikuwa nayo mingi. Ila huu alinifanya niurudie mara tatu, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kichwani mwangu. Nililiona hilo nikaliacha. Mtoto anaona mengi asiyoyauliza.

Fainali ilichezwa Pinetown, kwenye kiwanja cha shule, dhidi ya watoto wa Chatsworth. Timu yao ilikuwa ya mchanganyiko kama yetu, Wahindi, Wazulu, na watoto wa Watanzania wengi. Golini alisimama kijana mmoja mwembamba wa rika langu, na baba yake alikuwa Mpemba, Mzee Faki, mtu wa kofia na kanzu safi, mchangamfu. Alikuja upande wetu kutusalimu kabla ya mechi, kama muungwana, na kikapu cha kashata za kugawia watoto wote, wa kwao na wa kwetu.

"Na huyu mjukuu wako aitwa nani?" alimuuliza Koko.

Koko akafunga mdomo. Petro, kwa majivuno yake, akamjibia: "Huyu ni Kashindi!"

Mzee Faki alicheka mpaka akashika kofia isianguke.

"Kashindi? Loo! Hilo kwetu Pemba si jina, hayo ni matokeo!" Akatugeukia sote, anatufafanulia kama mwalimu. "Nyinyi mwasema hashindi. Sisi twasema kashindi. Ndo mtu asoshinda. Mmemleta uwanjani wenyewe, na siku ya fainali!"

"Cheka, mzee," Koko akasema. "Meno ni yako."

Alicheka akaondoka, na kichekesho chake akaenda nacho upande wa pili. Nilikiona kikitembea benchi zima, mtu anamwinamia mwenzake, mwenzake anageuka kunitazama. Kashata yangu ikabaki mkononi, ikaanza kuyeyuka.

Mechi yenyewe siwezi kuisimulia yote, na sipendi watu wanaosimulia mechi utadhani walikuwa juu ya mti. Nakumbuka vumbi. Nakumbuka sauti ya gongo kwa gongo, kavu, kama mtu anavunja kuni. Hakuna timu iliyomwacha mwenzake. Wakipata moja, tunapata moja. Wakaingiza wavuni, Petro naye akaingiza, akaanguka na mpira wake. Kila tulipokosa, niliona macho ya akina mama wa jengo letu yananijia mimi, hata kama aliyekosa ni mwingine. Gongo la Paulo lilipovunjika katikati, alinitazama kana kwamba nimelivunja kwa mawazo.

Mwishoni kabisa walikuwa wametuzidi pointi moja. Petro akaangushwa karibu na goli lao, Padri, aliyekuwa mwamuzi, akapuliza filimbi. Pigo huru. Na mapigo huru yalikuwa yangu. Hilo halikuwa na uchawi wowote, nilikuwa na shabaha tu.

Upande wetu ukaanza: "Kashindi! Kashindi!" Wazulu wetu wakaongeza, "Shaya! Shaya!" Piga, piga. Moyo ukapanda. Kisha, kabla sijauweka mpira vizuri, upande wa pili nao ukaanza, na Mzee Faki ndiye anaongoza, mikono imezunguka mdomo: "Kashindi! Kashindi!"

Neno lile lile, kwa mdundo ule ule. Kushoto wananibariki, kulia wananizamisha, na uwanja ukajaa jina langu mpaka sikujua lipi ni la nani. Nilitazama mpira. Mikono ilikuwa imekufa. Kama ningepiga vile nilivyokuwa, ningepiga nyasi.

Ndipo hasira ikanipanda. Mimi mtu akinitukana anitukane kwa lugha ninayoijua. Kuchukua jina langu mwenyewe na kunipiga nalo, na mama yangu anapiga makofi akidhani ni shangwe, hapana.

"Kashindi!" Mzee Faki akaita tena.

Nikageuka. "Niko!"

Upande wetu ulinyamaza kwanza. Nilimwona Koko amejishika kichwa kwa mikono miwili. Nikaliacha lile goli, nikatembea na gongo langu mpaka kwenye mstari alipokuwa amesimama. Padri akaitazama saa yake, akanitazama mimi, akaiteremsha filimbi. Upande wa pili nao ukazima.

"Shikamoo," nikasema. Tulijua Mtanzania bila shikamoo hakusikii.

"Marahaba." Alikuwa amekosa pa kuweka mikono.

"Umeniita. Unataka nini?"

"Sikukuita, mwanangu. Nashangilia tu."

"Hilo jina ni langu. Wewe ukilisema unasema nini?"

Angeweza kunidanganya. Mtu mzima, mbele ya watu wote wale, na mtoto wa kike mwenye vumbi puani. Wengi wangenidanganya. Akaivua kofia.

"Nasema ushindwe," akasema. "Yule golini ni mwanangu. Tangu jana kala kijiko kimoja cha wali. Nataka ashinde yeye. Lakini ubaya na wewe sina."

"Hata mimi sijala tangu jana," nikamwambia.

Akanitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza. "Basi nenda kapige. Mola ndiye ajuae ampe nani."

Nikarudi. Hakuna aliyeita. Mikono ilikuwa imerudi mwilini, yangu tena. Nikaurusha mpira, nikaupiga, ukapita juu ya mtambaa wa panya katikati kabisa, na kule nyuma ukaingia kwenye uzio wa waya. Tumelingana.

Tulirukiana. Hatujamaliza kurukiana, yule mtoto wa Mzee Faki akaupiga mpira kutoka golini mwake kwa nguvu zote za kijiko kimoja cha wali. Ukaruka vichwa vyetu sote. Msichana wao mrefu akaudaka, akageuka, akaupiga juu. Pointi moja. Filimbi.

Paulo alitupa kile kipande cha gongo alichobakiwa nacho. "Aliitika!" akapiga kelele. "Wote mmesikia! Koko alimwambia, na ameitika!" Akina mama wa jengo wakaokota magongo ya watoto wao bila kunitazama. Mtu anapokuogopa na mtu anapokuchukia, macho yanaenda pale pale, chini ya miguu yako.

Nilikaa nyuma ya goli. Nikasikia naitwa.

"Kashindi!"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekoma.

"Kashindi! Weye!"

Nikazidi kunyamaza, mpaka Koko mwenyewe akavuka uwanja mzima na kandambili zake, anahema.

"Hausikie?"

"Ulisema nisiitike."

"Mimi unaitika, mupumbavu weye. Mimi nakujua." Akanikalisha mapajani, mtoto mkubwa vile, akanifuta pua kwa kitenge. Hakunigombeza. Alikuwa ananishika mikono, mabega, shingo, kama mtu anayekagua mzigo uliofika kutoka safari kama umekamilika. Sikuelewa anatafuta nini.

Mpaka anafariki, Koko alishikilia kwamba pointi ile tuliipoteza kwa sababu niliitika. Nilimbishia miaka yote. Nilimwambia iliondoka kwa sababu tulikuwa tunarukiana badala ya kukaba. Anatikisa kichwa, ananipakulia wa kwanza kama kawaida, na Paulo anasubiri sahani yake.

Tulipomaliza kumzika, mama aliniambia jambo ambalo Koko hakulitaja hata siku moja. Wakati wa vita, watu walikuja nyumbani kwao, wakasimama nje ya ua, wakamwita babu kwa jina lake lote, kwa upole, kama jirani anayetaka kuazima jembe. Ndani, babu na Koko walikuwa wanakula. Babu akasema, "Niko," akatoka akiwa bado anatafuna. Jirani yao aliitwa pia, akakaa kimya chini ya kitanda, na yule yuko hai mpaka leo.

Kumbe mwanamke yule, siku ile Pinetown, hakuona pigo huru hata kidogo. Aliona mjukuu wake anatamka neno lile lile na kumwelekea mtu aliyemwita.

Leo nina meza yangu ya kutengeneza simu mjini, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kuharibu zangu kwanza. Katika mji huu nimeitwa majina mengi na watu wasionijua. Kwenye foleni ya taxi mtu anasema "kwerekwere", tusi wanalotuitia sisi wageni, nyuma yako, na wenzangu wanatazama mbele, kimya, chini ya kitanda chao. Siwalaumu. Mimi mara nyingi nageuka nikauliza, kama nilivyouliza siku ile. Wengine wameona haya. Mmoja alinizaba kofi. Kwa hiyo siwezi kusema Koko alikosea, wala siwezi kusema nilikosea mimi. Mzee Faki alinijibu kweli, na babu yangu alijibiwa alivyojibiwa.

Jumamosi hii binti yangu anacheza fainali, mpira ule ule, na nimekosa usingizi kuliko yeye. Jana nilikuwa namsuka, magoti yamembana mabega. Akaniuliza, "Mama, kwetu hakuna mwiko wa siku ya fainali?"

Nikasimamisha mikono. Nikaikuta inatetemeka.

"Ukisikia jina lako," nikamwambia, "geuka kwanza umwone anayekuita."

"Halafu?"

"Umwone vizuri."

"Halafu niitike?"

Nikavuta nywele, nikaendelea na mstari wa pili.