Banda la Kupikia Katika Mchoro Namba Nne

Nimelala katika miji mingi, lakini Babati ndiko nilikoona jengo likigombewa kabla halijajengwa. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Bagara pamoja na mchora ramani wa rika langu. Kanisa moja likatangaza shindano la kuchora ukumbi mpya. Mwenzangu aliutaka ushindi kuliko chakula. Mpaka siku hiyo alikuwa amechora vyoo na fremu za maduka tu.

Shule niliiacha darasa la sita, maswali sikuyaacha. Nilimshikia rula huku nikimsumbua.

"Wapishi watakaa wapi?"

"Jiko la ndani, kaka. Masharti ndivyo yanavyosema."

"Na moshi wa kuni je? Lile sufuria la harusi litapita mlango huo?" Nilishachochea kuni kwenye harusi nyingi. "Kawaulize kina mama wa kanisa wanaopika."

"Hairuhusiwi. Mshindani haongei na wenye jengo mpaka matokeo yatoke."

Nilishangaa. Hata fundi cherehani humpima mteja kwanza. Lakini alinieleza uzuri wa shindano: michoro haiandikwi majina, ni namba tu, kwa hiyo mchoro wake ungetazamwa sawa na ya ofisi kubwa za Arusha. Usiku aliwaza, asubuhi akachora banda la wazi la kupikia nyuma ya ukumbi.

Jumapili, baada ya ibada, michoro ilibandikwa ukutani. Kina mama walijazana kwenye namba nne, yaani wake.

"Huyu ameshalizwa na moshi!" mmoja alisema.

"Labda mke wake ndiye aliyelizwa, akamwambia achore!" Wakacheka.

Waamuzi waliuondoa mchoro huo kwa sababu ulikiuka sharti la jiko la ndani. Alishinda mwingine, aliyechora mnara mzuri. Kazi ya miezi miwili ya mwenzangu ikaishia hapo, hata ahsante hakupewa. Siku chache baadaye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa akaja kwetu.

"Shikamoo mzee," mwenzangu alimsalimia.

"Marahaba. Tuachie ule ukurasa wa banda, kijana. Kina mama hawatupi nafasi ya kupumua."

"Ukurasa peke yake siutoi, mzee. Nipeni banda nilichore kwa mkataba, nikae na watakaolitumia."

Nilidhani amejiharibia. Mzee aliondoka, akarudi wiki iliyofuata na mkataba.

Ukumbi haukuwa wake, na jambo hilo bado linamuuma. Ila Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwenye benchi katikati ya kina mama sita, wakibishana kuhusu banda, kila mmoja akimfutisha mstari alioutaka mwenzake, naye akifuta na kuchora upya bila kinyongo.