Kasha la Ngoma la Levi

Siku niliyomwona Levi mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, mwaka wa 1966. Alisimama mlangoni mwa karakana yangu Kibokoni amekumbatia spika pana kama sinia, iliyofungwa kwa gunia.

"Fundi!" akapiga ukelele. "Wewe ndiye unayetengeneza makasha?"

Bi Tumu, jirani yangu, alichungulia dirishani. "Huyo bwana yuwasema na watu wa Likoni, ng'ambo ya maji?"

Nilimwitikia kwamba ndimi. Hakusikia. Mimi tangu utoto sauti yangu ni ndogo, na kwangu ni kazi kuwatazama watu machoni. Yeye alikuwa fundi wa mitambo ya reli, miaka kumi na tisa kati ya nyundo na matangi ya mvuke, na masikio yamekwisha. Sauti nyembamba hazipati kabisa. Nzito ndizo zilizombakia, nazo kidogo.

Akaketi juu ya gogo, akanieleza haja yake. Baba yake alikuwa mpiga ngoma huko kwao Bungoma. Watu wa redio walikwenda wakamrekodi, na mwaka uliofuata mzee akafa. Levi hakuwahi kufika mazishini. Sasa ndugu yake amemwandikia barua kwamba ngoma ile itapigwa redioni Jumapili hii, saa kumi jioni.

"Mara moja tu, fundi. Ikipita, imepita."

Chumba chake Makupa hakikuwa na umeme, lakini alikuwa na gari dogo kuukuu la Kiingereza lenye redio na betri nzuri. Alikuwa amenunua mashine ya kukuza sauti iliyotoka katika gari la matangazo ya sinema, akaifufua mwenyewe. Alichokosa ni kasha la kutia spika ile, likae nyuma ya viti.

"Nguvu ya ngoma iko tumboni," alisema, akijipiga tumbo. "Nitengenezee tumbo."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nikachukua mbao za msaji nilizokuwa nimeziweka kwa kazi nyingine, nikaanza.

Sasa niseme kosa langu. Mimi nimefunzwa na marehemu baba kwamba kasha lisilochongwa ni sanduku la chai. Mkono wangu haukukubali kulitoa tupu. Siku ya Ijumaa, baada ya kutoka msikitini, niliuchonga ubao wa nyuma maua na majani, nikayatoboa mpaka upande wa pili, mwanga ukapita kama katika pazia. Sijapata kuchonga vizuri vile.

"Fundi," Bi Tumu aliuliza, "kasha la bi harusi gani hilo halina kifuniko?"

Jumamosi asubuhi tulilibeba mpaka barabarani karibu na ile Ngome ya kale, maana gari halikuweza kuingia vichochoro vyetu. Levi alikaza kasha kwa parafujo, akapitisha waya chini ya zulia.

"Magari haya, upande wa chanya wa betri ndio unaoshikizwa bodi, si hasi," alinionya. "Ukikosea, mashine inaungua, na sina nyingine." Alipima mara tatu ndipo akatia fyuzi.

Akafungua redio. Palikuwa na muziki wa dansi. Levi akaweka kiganja juu ya kasha, kisha akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa ubao.

"Nyuki," alisema. "Nasikia nyuki tu."

Akapima waya upya, moja moja. Jasho lilimtoka. Nami nilikuwa nimeshajua. Kasha lililofungwa ukiligonga huvuma. Lililo wazi hulia kama debe. Yale maua yangu ndiyo yaliyokuwa yakivujisha ngoma. Nilijua, na ulimi ulikuwa mzito. Mwishowe nilimshika mkono, nikamwonyesha matundu, kisha nikayaziba kwa kiganja.

Akaelewa. Akayatazama maua yale.

"Hapana. Hii si kazi ya kuharibu. Tengeneza ubao mwingine."

Hapakuwa na msaji mwingine, wala siku nyingine. Nililifungua kasha mwenyewe, nikalibeba kichwani mpaka karakana. Nikaranda ubao wa kawaida, nikaupigilia juu ya maua yangu, nikaziba kila mwanya kwa nta na utomvu wa sandarusi nilioyeyusha jikoni. Mpaka magharibi hapakupita hata uzi. Nikaligonga. Likavuma.

Jumapili, saa kumi kasorobo, gari lilikuwa pale pale Ngome, kasha limerudi mahali pake, injini imezimwa. Nasipwondi, mkewe, aliketi mbele kando yake. Mimi nilikaa nyuma, kasha limenibana magoti. Mtangazaji alisema, Levi hakusikia neno. Mkewe akampa ishara.

Ngoma ikaanza. Kiti kilitetemeka, nikaihisi mgongoni na ndani ya meno. Levi aligeuka, akaweka viganja vyote viwili juu ya kasha, akafumba macho.

"Mkono wa kushoto!" alipiga kelele. "Nasipwondi, sikia unavyochelewa! Baba ana kidole kimoja pungufu!"

Mkewe alikuwa akilia na kucheka. Ngoma ilidumu dakika nne hivi. Ilipokwisha, Levi hakuondoa mikono mpaka taarifa ya habari.

Mwezi wa pili yake alihamishiwa Kisumu. Alipitia Kibokoni kuniaga, gari ameliacha Ngome na kasha limo ndani. Pale mlangoni nilimwombea safari njema kwa sauti yangu ile ya siku zote. Akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa kwamba hakusikia. Basi nikavuta pumzi, nikasema kwa nguvu ambazo sikujua ninazo:

"Mungu akufikishe salama, ndugu yangu!"

Madirisha matatu yalifunguka. Levi akacheka, akanishika bega.

"Sasa nimekusikia, fundi. Hata Makupa wamekusikia."