Alama Tisa za Fidèle

Mechi ya tano ilipokwisha, Hippolyte alibaki kwenye benchi lake pembeni ya uwanja wa Kasongo, daftari mapajani, watu wakimpita mbio kwenda kumbeba Dominique mabegani. Alichoka hata kufunika kalamu aliona kazi.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule ya misheni, mtu wa miaka arobaini na miwili. Ujanani alicheza sana mpira wa kikapu kwa mapadri. Ndiyo maana kiangazi kile cha mwaka 1956 makampuni mawili yalimtaka awe mtoa alama. Kampuni ya pamba ya Kasongo ilikuwa na timu yake, na kampuni ya dhahabu ya upande wa Kabambare yake, vijana wanalipwa mshahara kwa kucheza tu, hawashiki jembe wala sururu. Mechi tano zilipangwa kumpata bingwa. Kila mechi Hippolyte alimpa kila mchezaji alama juu ya kumi, na karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya pamba. Mwishoni angetoa alama ya jumla, na mwenye alama ya juu kuliko wote angepelekwa Bukavu, kwenye timu kubwa.

Mwanzoni aliona ni heshima. Kisha zikaja safari za Kabambare: siku nzima juu ya lori, amekalia magunia, vumbi mpaka kwenye meno. Akirudi, madaftari ya wanafunzi yanamngoja. Sokoni wazazi wa wachezaji wanamkamata shati.

"Mwalimu, sababu gani mutoto wangu ulimupa alama ine tu juu ya kumi?"

Baada ya mechi ya tatu, hata muuza samaki wake wa miaka mingi alimfungia samaki bila kumsalimu.

Na Dominique alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe Marie-Louise. Siku ile ya mwisho alitia mpira kikapuni mara kumi na mbili, na Kasongo wakachukua ubingwa. Lakini Hippolyte aliona na mengine. Aliona Dominique akisimama mikono kiunoni kila walipopokonywa mpira, wenzake wanarudi kukaba yeye anapumzika. Aliona pia Fidèle wa Kabambare, kijana mwembamba asiyepigiwa kelele na mtu. Katika mechi zote tano Fidèle alitia vikapu vichache, ila kila mpira uliomfikia mwenzake mahali pazuri ulitoka mikononi mwake, na kila aliyemkaba aliondoka uwanjani amenuna.

Hippolyte akaandika alama za jumla: Fidèle, tisa. Dominique, sita.

Musyu Michel, mkubwa wa kampuni ya pamba, aliisoma karatasi amesimama.

"Hapana. Bingwa iko Kasongo, na mutu wa Bukavu atatoka Kasongo. Geuza."

"Bwana, niliandika vile niliona."

"Geuza, nakuambia."

Hippolyte alitazama mikono yake, yenye wino na vumbi. Siku nyingine angeeleza, angetoa daftari, angehesabu pasi moja moja. Siku ile hakuwa na nguvu hiyo.

"Andika wewe mwenyewe, Bwana. Lakini jina langu ulitoe pale chini."

Michel akaandika. Karatasi ikabandikwa bila jina: Dominique, tisa. Mji wote ukaamini ni kazi ya mwalimu, kampendelea shemeji yake.

Asubuhi yake aliwahi lori la Kabambare kabla halijaondoka. Fidèle alikuwa ameshapanda.

"Fidèle, mimi nilikuandikia tisa."

Kijana alimtazama toka juu. "Tisa ile iko wapi, Mwalimu?"

"Iko kwangu tu."

"Basi ikae kwako." Hakusema kwa hasira. Alijisogeza akampisha mama mmoja mwenye kuku, na lori likaondoka.

Nyumbani Marie-Louise alimwekea ugali na sombe ya majani ya muhogo. Dominique alikuwa amepita kuaga, na akamwambia dada yake habari ya ile sita, aliyonong'onezwa na makarani wa ofisi ya pamba. Siku tatu Marie-Louise hakumsemesha mumewe. Siku ya nne alikaa karibu na mumewe, ungo wa karanga miguuni.

"Baba Régina, ndugu yangu ulimupa sita kweli?"

"Kweli."

"Na wewe unaacha watu wanakutukana ya kama ulimupendelea?"

"Nitaenda nyumba kwa nyumba? Nimechoka, mama. Nimemwambia Michel atafute mutu mwingine wa alama."

"Alisema nini?"

"Alikubali mara moja. Alifurahi, nafikiri."

Marie-Louise alimenya karanga chache. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Huyu Fidèle alifanya nini, mpaka umuweke juu ya ndugu yangu?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo, kiangazi kizima. Hippolyte akavua viatu, akaegemea ukuta, akaanza na mechi ya kwanza. Alifika katikati ya mechi ya pili, pale Fidèle alipoipitisha pasi chini ya mikono ya watu wawili, sauti ikaanza kumpotea kwa usingizi, kichwa kikaanguka kifuani. Mkewe akamgusa goti.

"Endelea. Nani aliipokea?"